Uzito wa Seleyian

Jumamosi asubuhi Mukai alikuwa amesimama jikoni akikaanga mayai, na mume wake Simel alikuwa ameketi sebuleni akifunga kamba za viatu. Kati ya jikoni na sebule hakukuwa na mlango, kulikuwa na pazia tu, na pazia lenyewe lilikuwa limefungwa pembeni ili upepo upite. Mukai akamwambia binti yao Seleyian amwambie baba yake chai iko tayari. Seleyian akatoka jikoni, akapita kwenye pazia, akamwambia baba yake chai iko tayari. Simel akasema, amwambie mama yake hiyo chai akanywe na fundi wake wa tangi, yeye anawahi mnada. Seleyian akarudi jikoni akasema baba anashukuru lakini anawahi mnada. Kisha akaketi kwenye stuli ale mayai yake, na stuli ikavunjika.

Mukai aliangalia vipande, akavisogeza kando kwa mguu, akampa mtoto sahani yake ale akiwa sakafuni. Stuli nyingine ilikuwa imevunjika kabla ya Pasaka. Kitanda nacho kilikuwa kimeshawekewa matofali chini, na matofali yalikuwa yameanza kuzama.

Seleyian alikuwa na miaka tisa, mwembamba, shingo ndefu kama ya upande wa baba yake. Ungemwona anapita barabarani huko Noonkopir, Kitengela, usingegeuka kumwangalia. Lakini wakati wa mvua, ule udongo mweusi unapolainika, watoto wengine waliacha alama za viatu, na yeye aliacha mashimo. Maji yalikaa humo, na bata wa jirani yao Munyiva waliogelea.

Ugomvi wa wazazi wake ulikuwa umeanza na tangi la maji, kama litakaa upande wa jikoni au upande wa geti. Tangi lilikaa upande wa geti, na maneno yakakaa kwa mtoto. Tangu hapo Simel na Mukai hawakuwa wameongea. Hawakupigana wala hawakutukanana. Walilala kitanda kimoja, walienda kanisa moja, na mtoto alisimama katikati akipeleka na kurudisha. Mukai akisema, "Mwambie baba yako hii nyumba si zizi," Seleyian alienda akasema, baba, mama amepiga deki. Simel akisema, "Mwambie mama yako kwao ndiko walimfundisha kununa hivyo," Seleyian alirudi akasema, mama, baba amesema sawa. Alichambua maneno yao kama mtu anavyochambua mchele kwenye ungo. Mchele ulifika mezani, na mawe yalibaki kwake.

Mahali pale mtoto yeyote anaweza kutumwa na mtu mzima yeyote, na mtoto mzuri ni yule anayeenda. Basi Seleyian alikuwa mzuri sana. Munyiva alimtuma kwa Mukai kuhusu takataka zilizotupwa nyuma ya ua, na mama yake akamrudisha kwa Munyiva na jibu, na wale wanawake wawili waliendelea kusalimiana vizuri kanisani. Wakubwa walimsifu. Walisema hawajaona mtoto mwenye akili ya utu uzima kama huyu. Kila aliposifiwa hivyo, kokoto chini ya miguu yake zilisagika kidogo.

Simel alikuwa mtu wa mnada. Alinunua ng'ombe Kajiado na kuwauzia wenye bucha, na hakuhitaji mizani. Alimwangalia ng'ombe begani na kiunoni, akataja kilo, na hakukosea. Jioni moja alimwangalia binti yake akipita uani, akasema kwa sauti ya kawaida kwamba huyu sasa ana uzito wa ndama wa mwaka mmoja. Mukai alikuwa fundi wa nguo, alishona yunifomu za shule katika kibanda karibu na stendi, na mkononi hakukosa utepe wa kupimia. Alimpima Seleyian, akaona kiuno ni kilekile cha mwaka jana. Mmoja alijua uzito umepanda, mwingine alijua mwili haujanenepa. Wangeweka pamoja hayo mawili wangepata kitu cha kufikiria. Lakini Simel alimwambia mtoto amwambie mama apunguze chapati, na Mukai alimwambia mtoto amwambie baba kwamba hajui kitu kuhusu watoto, na Seleyian alipeleka alichoweza kupeleka.

Shuleni walimpa jiwe la kujengea akalie badala ya dawati. Lilimfaa. Mwalimu wake, Caroline, aliwaita wazazi, akawauliza kama nyumbani kuna shida yoyote.

"Mwambie baba yako ajibu," Mukai akamwambia Seleyian.

"Mwambie mama yako hakuna shida," Simel akasema.

Seleyian akamwambia mama yake hakuna shida. Mwalimu Caroline akafurahi, akasema ni wazazi wachache siku hizi wanaokuja shule wote wawili. Wakampeleka kwa daktari, naye akamsikiliza kifua, akaangalia macho na ulimi, akasema mtoto ana afya. Akamuuliza kama analala usiku. Wazazi walijibu kwa pamoja, kila mmoja akimwangalia daktari, kwamba analala vizuri sana.

Kanisani ndipo uzito wake ulipopata kazi. Kanisa lao lilikuwa hema, na upepo wa Kitengela haubishi hodi. Jumapili moja upepo ulikuja ukang'oa vigingi vya upande wa kushoto, hema likaanza kuinuka na wazee wakiwa ndani. Pastor Lazarus akamwomba Seleyian asimame pale pembeni, akamfunga kamba kiunoni, na hema likatulia. Kuanzia siku hiyo hapakuwa na haja ya vigingi upande huo. Pastor alihubiri kuhusu amani, akatoa mfano wa nyumba ya Simel, ambapo jirani hajawahi kusikia sauti imepandishwa. Akamwekea mtoto mkono kichwani akasema, "Wewe ndiwe nguzo ya hiyo nyumba, usisahau." Waumini wakapiga makofi. Seleyian alizama hadi kwenye vifundo vya miguu, na baada ya ibada wanaume wakamchimbua kwa jembe, wakicheka naye vizuri.

Yeye mwenyewe alitaka kitu kimoja, nacho kilikuwa kuruka kamba. Wasichana wa mtaa waliruka kila jioni nyuma ya kibanda cha mama yake. Siku aliyojaribu, tangi la Munyiva lilimwaga maji na kioo cha duka la dawa kikapata ufa. Hawakumfukuza. Walimpa ncha ya kamba ashike, kwa sababu hata wakivuta vipi, upande wake haukusogea. Akawa anashika, wenzake wanaruka, na yeye anahesabu kwa sauti.

Shule zilipofungwa mwezi wa nane, sakafu ya chumba chake ilikuwa imepasuka kutoka dirishani hadi mlangoni. Wazazi walikubaliana, kupitia kwake, kwamba aende kwa Koko ili fundi apate nafasi ya kutengeneza. Koko ni bibi yake, mama ya Simel, anayeishi na mbuzi zake mbele ya Kajiado, unapoelekea Bissil. Pikapu haikumweza. Simel alimpeleka kwa lori la ng'ombe, akamweka katikati ili lisilale upande.

Koko alikuwa amesimama nje akimngoja. Seleyian akainamisha kichwa, Koko akakigusa kwa kiganja, akaacha mkono hapo kwa muda kidogo kuliko kawaida. Akamwambia karibu, nakerai, mtoto wangu, umefika na mizigo. Simel akasema mtoto ana begi moja tu. Koko akasema ameliona begi. Simel akanywa chai, akaenda zake mnadani.

Kwa Koko hakukuwa na stuli za kuvunjika. Alimtandikia ngozi chini, na ardhi ya Kajiado ni mwamba, ikamshika bila kulalamika. Simu ya Koko ilipata mtandao juu ya kilima tu, na Koko alikuwa na magoti mabaya, hivyo hakuna aliyempata. Baada ya chakula walikaa karibu na moto wakategeana vitendawili, maana Koko alivipenda kuliko sukari.

"Kitendawili," Koko akasema.

"Tega."

"Zizi langu lina ng'ombe weupe watupu, wamepanga mstari. Ndani kuna ndama mmoja mwekundu, asiyelala."

Seleyian akajibu kwamba ni mdomo: meno na ulimi. Koko akasema vizuri, sasa ni zamu yake. Mtoto akafikiri, akiangalia makaa.

"Niko na mzigo," akasema. "Nikiupeleka unafika, na nikirudi bado niko nao."

Koko alijaribu kivuli. Akajaribu ujauzito, akajaribu njaa, akajaribu jina la mtu. Mwisho akakubali ameshindwa, na anayeshindwa hutoa mji. Alimpa Kiserian, Seleyian akakataa. Akampa Namanga, upande wa Kenya na upande wa Tanzania, na shanga zote zinazouzwa hapo. Seleyian akakubali, akakaa Namanga kidogo, kisha akatoa jibu.

"Ni maneno ya kutumwa."

Alipofungua mdomo kusema hivyo, jiwe likadondoka mapajani mwake. Lilikuwa jeusi, laini, ukubwa wa yai la kuku, na lilikuwa na joto. Koko akaliokota, akalipangusa kwa shuka yake, akaliweka sikioni. Ndani mlikuwa na sauti ya mwanawe Simel ikisema ile chai akanywe na fundi wake wa tangi. Koko akaliweka kando ya moto.

"Kuna mengine?"

"Mengi, Koko."

"Basi yatatoka kesho. Leo umechoka."

Kesho yake Seleyian alifuata mbuzi, na kila walipotulia kula alifungua mdomo akasema neno moja lililokuwa limebaki, akilisema vile lilivyosemwa, bila kulichambua. Jiwe lilianguka. Mbuzi walilizunguka wakaendelea kula. Jioni Koko alikuja na toroli, akayakusanya, kwa sababu kwa muda mrefu alikuwa anataka kuwajengea wana-mbuzi ukuta wa kuwakinga na fisi, na mawe ya kununua yanatoka mbali.

Alijenga polepole, na kila jiwe alilisikiliza kwanza ili ajue litakaa wapi. Hivyo ndivyo alivyojua habari za nyumba ya mwanawe kuliko watu wanaokaa nayo ukuta kwa ukuta. Aliweka upande mmoja mawe ya Simel na upande mwingine ya Mukai, kisha akaona yanashikana vizuri zaidi yakichanganywa. Jiwe moja la Mukai lilisema mama ya Simel akae huko Kajiado na mbuzi zake, asiwapangie maisha. Koko alilisikiliza mara mbili. Akasema ni kweli, yeye anakaa Kajiado na mbuzi zake, na jiwe lenyewe lilikuwa pana, likafaa kwa msingi.

Yale makubwa hayakuwa ya wazazi. Siku moja Seleyian alikohoa asubuhi nzima, na jiwe lililotoka Koko hakuweza kuliinua, ikabidi alibingirishe hadi kwenye ukuta. Akainama kulisikiliza. Ilikuwa sauti ya Pastor Lazarus ikisema wewe ndiwe nguzo ya hiyo nyumba. Nyuma yake yalifuata mengine ya namna hiyo, la Mwalimu Caroline, la Munyiva, la mama wa kwaya, yote yakiwa sifa tupu, na yote yalikuwa mazito kuliko matusi. Koko akayafanya kona.

Kadiri ukuta ulivyopanda, mtoto aliteremka. Mashimo yake njiani yakawa alama za viatu. Akaketi juu ya debe la plastiki, debe likanyamaza. Watoto wa boma la jirani walikuwa na kamba ya katani, na jioni moja wakamwita. Aliingia kwa uangalifu, akijiandaa kwa kishindo, na kishindo hakikuja. Aliruka. Aliruka tena. Vumbi lililopanda lilikuwa la kawaida. Koko aliwaangalia kutoka mlangoni, akifuma shanga, na alipoulizwa na jirani kama huyo ndiye mjukuu wa Kitengela, akasema ndiye, si unamwona alivyo mwepesi. Mtoto alirudi nyumbani giza likiingia, jasho linamtoka, akala ugali na maziwa, akalala kabla hajamaliza kuelezea.

Huko Kitengela, mwezi huo ulikuwa mrefu. Hapakuwa na wa kutumwa. Chumvi ilipoisha, Mukai alijua imeisha na Simel alijua haipo, na ikakaa hivyo wakila chakula kisicho na ladha. Fundi Musila alikuja kutengeneza sakafu, ya chumba cha mtoto na ya sebule. Simel akamwambia aweke zege nene. Simel alipotoka, Mukai akamwambia aweke vigae. Musila alikuwa mtu wa amani, aliweka zege nene, na juu yake akaweka vigae vyeupe vyenye maua. Ilipendeza. Mume na mke waliipenda wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake.

Siku ya kumrudisha mtoto ilipokaribia, Koko alifikiri sana. Ukuta ulikuwa umemfundisha yanayotendeka, na hakutaka kujenga mwingine mwaka ujao. Alijua mwanawe anakuja, angeweza kumkalisha amwambie. Lakini alivyolelewa yeye, mama haingii kwa mdomo wake katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Neno la namna hiyo linatumwa, na anayetumwa ni mtoto, kwa sababu mtoto haongezi chumvi. Yeye mwenyewe alitumwa hivyo utotoni, kutoka boma hadi boma, na alikuwa akisifiwa. Kwa hivyo alitafuta maneno mazuri. Aliyapima, akaondoa kila chembe ya ukali, hadi yakawa safi.

Simel alikuja, akanywa chai, akaeleza bei ya ng'ombe ilivyo. Koko akamsikiliza, akamsifia gari. Seleyian alipokwisha kupanda mbele, kiti cha abiria, Koko akamsogelea dirishani.

"Ukifika, waambie baba yako na mama yako, Koko amesema waongee wao wenyewe. Wasikutume tena. Umesikia?"

"Nimesikia, Koko."

Akainamisha kichwa nje ya dirisha, Koko akakigusa. Koko alibaki amesimama akipunga mkono, moyo wake umetulia kabisa. Usiku huo alilala vizuri kuliko alivyolala mwezi mzima.

Walikuja na pikapu, maana Simel alikuwa amemwangalia begani na kiunoni akaona anatosha pikapu. Njia ilikuwa nzuri. Seleyian alimweleza baba yake habari za mbuzi na habari za kamba, na Simel akacheka, akamnunulia ndizi Isinya. Hapo Isinya gari lilianza kulala upande wa abiria. Simel akashuka, akapiga teke tairi la mbele, akapiga la nyuma, hakuona upungufu. Akaendesha polepole, akishika usukani kwa kuuvuta kulia, hadi nyumbani.

Mukai alikuwa amepika. Kulikuwa na pilau ya mbuzi na kachumbari, na chumvi ilikuwa imenunuliwa na mtu, hakuna aliyesema ni nani. Alimkumbatia mtoto mlangoni, akampima kwa macho, akaona yunifomu itamkaa. Munyiva alipita na mayai ya bata kumkaribisha, akasema mtaa ulikuwa umepooza bila yeye. Kisha wakaketi watatu mezani, baba upande wa dirisha, mama upande wa jikoni, na Simel akaombea chakula. Alishukuru kwa ajili ya safari na kwa ajili ya nyumba yenye utulivu.

Seleyian hakuchukua kijiko. Alikuwa na neno, na hili halikuwa na kitu cha kuchambua. Lilikuwa mchele mtupu. Aliliangalia pande zote, akaona anaweza kulitoa lote lilivyo.

"Koko amesema muongee nyinyi wenyewe," akasema. "Amesema msinitume tena."

Simel akaacha kutafuna. Mukai akaweka mwiko chini. Upepo ulipita ndani ya nyumba, ukatoka. Kwa kitambo wote wawili waliangalia sahani zao, na ungewaona ungesema ni watu waliosikia kitu cha kweli, maana nyuso zao zililegea, zikawa nzuri kama za siku ya harusi yao. Simel akapangusa mdomo. Akamgeukia binti yake kwa upole mwingi.

"Mwambie mama yako," akasema, "Koko amesema vizuri sana."

Macho ya Mukai yalikuwa na machozi. "Mwambie baba yako hata mimi sijakataa."

Chini ya kiti cha Seleyian kigae kimoja kikapasuka, kisha cha pili yake. Mukai akainama akaangalia, akapitisha kidole kwenye ufa, akasema zege la chini limeshika, ni maua tu yameharibika. Akamwongezea mtoto nyama, kipande chenye mfupa, kile anachopenda. Simel naye akatoa kipande kwenye sahani yake, akamwekea juu ya kile cha mama yake. Walikuwa wamefurahi kweli kuwa naye tena.

"Mwambie baba yako ampigie Musila kesho," Mukai akasema.

Seleyian akaweka mikono mezani, akainuka polepole kama mtu aliyebeba ndoo mbili zilizojaa, akazunguka meza, akamwambia.